Star Wars Nje ya Ukumbi wa Sinema

Star Wars ni mfululizo wa filamu za kubuni za kisayansi ulioanzishwa na mwongozaji wa Kimarekani, George Lucas. Filamu ya kwanza ilianza kuonyeshwa tarehe 25 Mei 1977 katika kumbi 32 tu za Marekani. Zimefuata filamu nyingine nyingi, tamthilia za televisheni, vitabu na michezo ya kompyuta, lakini sehemu ya mfululizo huo iliyosambaa kuliko zote haikatiwi tiketi. Ni yale maneno, sauti na sura zilizotoka ukumbini zikaingia kwenye hotuba za wanasiasa, matangazo ya biashara, fomu za sensa, majina ya wadudu na utani wa kazini. Wapo watu ambao hawajapata kutazama hata dakika moja ya Star Wars, na bado humtambua Darth Vader kwa pumzi zake peke yake.

Kisa chenyewe ni chepesi kusimulia. Kijana wa shambani, Luke Skywalker, anajiunga na waasi wanaopigana na Himaya dhalimu inayotawala nyota. Himaya ina Darth Vader, jitu la vazi jeusi na kofia inayofunika uso wote. Ina pia Death Star, kituo cha angani kikubwa kama mwezi, chenye uwezo wa kulipua sayari nzima kwa pigo moja. Waasi wanasaidiwa na masalia ya Jedi, wapiganaji wenye maisha ya kitawa, wanaotumia panga za mwanga na kuitegemea Nguvu, kani isiyoonekana inayounganisha viumbe vyote. Nguvu hiyo ina upande wake wa giza, na Vader ni Jedi aliyehamia huko. Wanapoagana, watu wa upande mwema hutakiana Nguvu iwe nao.

Lucas mwenyewe alikuwa mkopaji hodari. Namna ya kusimulia mambo makubwa kupitia macho ya wahusika wawili wa hali ya chini aliichukua kwa Mjapani Akira Kurosawa, katika filamu ya mwaka 1958 iitwayo The Hidden Fortress. Mapambano ya vyombo vya angani yalifuata filamu za ndege za Vita Kuu ya Pili, ikiwemo ya Kiingereza, The Dam Busters. Askari wa Himaya walipewa jina lililotumiwa na mgambo wa chama cha Hitler. Juu ya hayo kulikuwa na Flash Gordon, sinema za mfululizo za miaka ya 1930 ambazo watoto wa Marekani walizifahamu vizuri. Filamu iliyoungwa kwa vipande vinavyojulikana ni rahisi kuvunjwa tena vipande, na kila kipande kikaweza kwenda njia yake.

Vipande vilivyosafiri haraka kuliko vyote vilikuwa sauti. Mtaalamu wa sauti Ben Burtt aliirekodi pumzi ya Vader kwa kifaa cha kupumulia cha wapiga mbizi. Mvumo wa upanga wa mwanga aliupata kwa kuchanganya mngurumo wa mota ya projekta na kelele za televisheni. Hata mtoto akiokota kijiti na kuanza kupigana na mwenzake, mdomo wake hutoa mvumo ule ule. Mtunzi John Williams naye, katika filamu ya pili ya mwaka 1980, The Empire Strikes Back, alimtungia Vader muziki wa gwaride wenye noti nzito zinazorudiwarudiwa. Muziki huo sasa hupigwa viwanjani timu ngeni inapoingia, na katika vichekesho vya televisheni bosi mkali anapofungua mlango. Kampuni ya Volkswagen iliutumia mwaka 2011 katika tangazo la mtoto aliyevaa kama Vader, anayejaribu kusogeza vitu nyumbani kwa kuvinyooshea mikono. Vitu vinagoma, hadi anapoligeukia gari la baba yake, na baba akiwa ndani ya nyumba analiwasha kwa rimoti. Hakuna neno hata moja linalosemwa katika tangazo lote. Watengenezaji wake walikuwa na hakika kwamba hapakuwa na haja.

Maneno husafiri vibaya zaidi kuliko sauti. Sentensi maarufu kuliko zote za mfululizo huu ni ile ambayo Vader anamwambia Luke kuwa yeye ndiye baba yake. Karibu kila anayeigiza huanza kwa kumwita kijana jina lake, "Luke, mimi ni baba yako." Katika filamu Vader hasemi hivyo. Luke amemshutumu kwa kumuua baba yake, na Vader anajibu kwa kukanusha kwanza: hapana, mimi ndiye baba yako. Sababu ya kosa hilo inaonekana wazi. Likiwa ndani ya tukio lake, jibu linaeleweka kwa kufuata shutuma. Likiwa peke yake mezani pa chakula au kazini, linahitaji kitu cha kuwajulisha wasikilizaji limetoka wapi, na jina la Luke linafanya kazi hiyo. Kuna kinaya kidogo hapa, kwani siri hiyo ililindwa sana wakati wa kupiga picha. David Prowse, aliyevaa vazi la Vader, alipewa maneno mengine kabisa ya kusema, na yale ya kweli yakaja kuingizwa studioni kwa sauti ya James Earl Jones. Miaka 19 baadaye filamu ya katuni Toy Story 2 iliirudia siri hiyo kama mzaha kwa watoto, wengi wao wakiwa hawajaiona filamu yenyewe.

Mizaha ya namna hiyo ilianza mapema mno. Mwaka 1977 haujaisha, mwanamuziki Meco aliugeuza muziki wa filamu kuwa disko na kufika nafasi ya kwanza katika chati ya nyimbo ya Marekani. Mwaka 1978 ikatoka Hardware Wars, filamu fupi ya kejeli ambamo vyombo vya angani ni pasi na vifaa vingine vya nyumbani vinavyoning'inia. Mel Brooks alipotengeneza Spaceballs, iliyotoka mwaka 1987, alieleza kwamba Lucas hakuwa na pingamizi na kejeli, ila alitaka sharti moja: pasiuzwe vinyago vya wahusika wake. Aliyeweka sharti hilo alijua anachokilinda. Lucas alikuwa amebaki na haki za bidhaa zinazotokana na filamu zake, na vinyago ndivyo vilivyomtajirisha. Krismasi ya mwaka 1977 kampuni ya Kenner, ikiwa haijamaliza kutengeneza vinyago vya kutosha, iliuza bahasha za kadibodi zenye cheti cha kuahidi kwamba vinyago vitakuja, na wazazi wakazinunua. Brooks alilipiza kwa kuweka ndani ya filamu yake mhusika anayeuza kila aina ya bidhaa yenye jina la Spaceballs.

Katika siasa, Star Wars ilipata kazi ambayo pengine hakuna filamu nyingine iliyowahi kuipata. Tarehe 8 Machi 1983 Rais Ronald Reagan, akihutubia mkutano wa Wakristo wa kiinjilisti mjini Orlando, Florida, aliuita Muungano wa Kisovieti himaya ya uovu. Tarehe 23 ya mwezi huo huo alitangaza kwenye televisheni mpango wa kubuni kinga dhidi ya makombora ya nyuklia. Kesho yake Seneta Edward Kennedy aliubeza mpango huo kwa kuuita wa Star Wars, akimaanisha ndoto ya kitoto na ya hatari. Jina rasmi la mpango lilitungwa baadaye, lakini lilikuwa limekwisha kuchelewa. Magazeti, wanasayansi, mabalozi na Wasovieti wenyewe wakatumia jina la filamu.

Serikali ya Reagan haikulipenda jina hilo, ila lilikuwa na pande mbili. Katika filamu, Star Wars ni vita ambavyo watu wema hushinda, kwa hiyo tusi la Kennedy liliwapa pia watetezi wa mpango taswira ya kujivunia. Reagan aliliona hilo. Mwezi Machi 1985, akizungumza kuhusu mpango wake, alilalamikia jina hilo kisha, kwa kuomba radhi ya kuiba maneno ya filamu, akasema, "Nguvu iko upande wetu." Mwaka huo huo kampuni ya Lucas ilikwenda mahakamani mjini Washington kuyazuia makundi yaliyokuwa yakitumia maneno hayo katika matangazo ya televisheni ya kuutetea mpango. Kampuni ilishindwa. Mahakama iliona kwamba mwenye alama ya biashara anaweza kuwazuia wanaouza bidhaa kwa jina lake, lakini hana uwezo wa kuwazuia watu kulitumia jina hilo katika mjadala wa umma. Kwa maana nyingine, maneno yalikuwa yameshakuwa mali ya wasemaji.

Tangu hapo wanasiasa wamekuwa wakiipamba hotuba kwa Star Wars, na mara nyingine wakiteleza. Makamu wa Rais Dick Cheney alifananishwa na Vader na wapinzani wake kwa miaka mingi, hadi naye akaanza kulitania jina hilo mbele ya hadhira. Barack Obama, Machi 2013, akieleza kwamba hana uchawi wa kuwafanya viongozi wa Bunge wakubaliane naye, alichanganya mbinu ya Jedi na mbinu ya Spock wa Star Trek, mfululizo mwingine kabisa. Kwa mashabiki hilo lilikuwa kosa la kutosha kufunika habari ya bajeti aliyokuwa akiizungumzia.

Miezi miwili kabla ya hapo Ikulu yake ilikuwa imejibu swali gumu zaidi. Kulikuwa na utaratibu wa wananchi kupeleka maombi kwa mtandao, na ombi lililopata sahihi 25,000 lilistahili majibu rasmi. Watu zaidi ya 34,000 waliomba serikali ianze kujenga Death Star. Paul Shawcross, mkuu wa kitengo cha sayansi na anga katika ofisi ya bajeti ya Ikulu, aliwajibu Januari 2013. Alitaja makadirio ya gharama ya dola 850,000,000,000,000,000, akasema serikali haiungi mkono ulipuaji wa sayari, kisha akauliza kwa nini walipa kodi wagharimie kituo chenye dosari inayoweza kutumiwa na rubani mmoja katika chombo kidogo. Sehemu kubwa ya jibu lake ilihusu Kituo cha Kimataifa cha Anga na kuwahimiza vijana wasome sayansi. Ni mfano adimu wa barua ya serikali iliyosomwa na watu kwa hiari.

Nchini Ukraine utani ulifika kwenye karatasi za kura. Katika uchaguzi wa miaka ya 2014 na 2015 walijitokeza wagombea waliobadilisha majina yao kisheria na kujiita Darth Vader na wenzake, wakienda kampeni na mavazi kamili. Oktoba 2015 mmoja aliyejiita Palpatine, jina la mfalme wa Himaya, alichaguliwa diwani mjini Odesa. Mji huo huo ulikuwa na sanamu ya Lenin ambayo sheria mpya ya kuondoa alama za kikomunisti ilitaka ing'olewe. Msanii Oleksandr Milov aliigeuza kuwa Darth Vader, na ndani ya kofia yake akaweka kifaa cha kurusha intaneti ya bure. Ukali wa kejeli hiyo unaeleweka na mtu aliyeishi chini ya himaya ya kweli kuliko na mtazamaji wa California.

Kalenda nayo haikuachwa. Kila tarehe 4 Mei mashabiki husherehekea siku yao, na chanzo chake ni mchezo wa sauti: kwa Kiingereza tarehe hiyo ikitamkwa hukaribia kufanana na mwanzo wa ile dua ya kutakiana Nguvu. Mzaha huo ulichapishwa London tarehe 4 Mei 1979, siku Margaret Thatcher alipoingia ofisini kama Waziri Mkuu, katika tangazo la gazetini la wafuasi wake la kumpongeza. Filamu ilikuwa na umri wa miaka miwili tu. Ilichukua miongo mitatu hivi, na mitandao ya kijamii, mpaka mzaha huo ukawa sikukuu yenye punguzo la bei madukani.

Jambo lililowashughulisha zaidi watu wa takwimu lilikuwa sensa ya mwaka 2001. England na Wales ziliuliza dini ya mtu kwa mara ya kwanza katika sensa ya zama hizi, na swali lilikuwa la hiari. Barua pepe zikaanza kuzunguka zikidai kwamba watu wa kutosha wakijiandikisha kuwa ni Jedi, dini hiyo itabidi itambuliwe rasmi. Dai hilo halikuwa na msingi, lakini watu 390,127 walijiandikisha hivyo, sawa na asilimia 0.7 ya watu wote, wengi kuliko Masingasinga, Wayahudi au Wabudha wa nchi hizo. Katika mji wa Brighton na Hove walifika asilimia 2.6. Ofisi ya takwimu iliwahesabu kuwa watu wasio na dini. Hata hivyo maofisa wake walikiri kuwa mzaha huo huenda uliwasaidia, kwa kuwa uliwavuta vijana kujaza fomu ambazo kwa kawaida huzitupa. New Zealand walikuwa zaidi ya 53,000, asilimia 1.5, na Australia zaidi ya 70,000, ingawa idara ya takwimu ya huko ilikuwa imeonya kwamba jibu la uongo lina faini.

Hesabu hiyo imeelezwa kwa namna nyingi. Walikuwepo waliofanya mzaha tu, waliopinga serikali kuuliza habari za imani, na wachache walioyachukua mafundisho ya Jedi kwa moyo wote. Kundi hili la mwisho lipo kweli, lina mikusanyiko na miongozo yake. Mwaka 2016 tume inayosimamia mashirika ya hisani ya England na Wales ilikataa ombi la kundi mojawapo kutambuliwa kuwa la kidini, kwa maelezo kwamba halikuwa na mfumo wa imani na ibada ulioshikamana vya kutosha. Waliojiandikisha walikuwa wamepungua hata kabla ya hapo: sensa ya mwaka 2011 ilipata Jedi 176,632.

Wanasayansi wamekuwa mashabiki wazuri, labda kwa kuwa wengi wao waliitazama filamu ya kwanza wakiwa watoto. Chombo cha Voyager 1 kilipopiga picha za Mimas, mmojawapo wa miezi ya Zohali, mwaka 1980, shimo kubwa upande mmoja wa mwezi huo lilionekana kuufananisha na Death Star, na jina la utani halijautoka. Sayari Kepler-16b, iliyotangazwa mwaka 2011, ina majua mawili, hivyo ikalinganishwa mara moja na Tatooine, sayari ya nyumbani kwa Luke. Spishi moja ya giboni wa misitu ya Yunnan, China, ilipewa mwaka 2017 jina la kawaida la Skywalker. Mwaka 2005 wataalamu wawili wa Marekani waliotaja spishi 65 mpya za mbawakavu waliwapa watatu majina ya Rais Bush, Cheney na Waziri wa Ulinzi Rumsfeld, kwa heshima, walisema. Katika orodha hiyo hiyo alikuwamo Agathidium vaderi, mwenye kichwa kipana kinachong'aa kama ile kofia.

Kofia hiyo ya Vader, kwa bahati, ina nafasi yake katika Kanisa Kuu la Kitaifa mjini Washington. Katika miaka ya 1980 watoto walishindanishwa kubuni vinyago vya mawe vya kupamba mnara, na kichwa cha Vader kilikuwa mojawapo ya michoro iliyoshinda. Kimechongwa na kuwekwa juu sana, kiasi kwamba wageni huhitaji darubini kukiona. Kofia nyeupe za askari wa Himaya zilikuwa na safari nyingine, iliyoishia Mahakama ya Juu ya Uingereza mwaka 2011. Andrew Ainsworth, fundi aliyezitengeneza kwa ajili ya filamu ya kwanza, alikuwa akiwauzia watu nakala. Mahakama ilimruhusu aendelee nchini mwake, kwa hoja kwamba kofia ilikuwa kifaa cha kuigizia na haikuwa sanamu inayolindwa na hakimiliki kwa miaka mingi, ingawa mauzo yake Marekani yangeweza kushitakiwa.

Afrika imo ndani ya Star Wars tangu mwanzo. Jangwa la Tatooine lilipigwa picha Tunisia mwaka 1976, na jina la sayari limetoka kwenye mji wa kusini mwa nchi hiyo, Tataouine. Nyumba ya Luke ni hoteli ya Sidi Driss ya Matmata, iliyochimbwa ardhini kwa ujenzi wa jadi wa Waamazigh. Mji wa kuigiza uliojengwa karibu na Nefta kwa ajili ya filamu ya mwaka 1999 umekuwa kivutio cha watalii, ukitishiwa na rundo la mchanga linalosogea kila mwaka.

Kenya imo kwa sauti. Burtt alipenda lugha halisi, kwa sababu lafudhi ya lugha inayosemwa na watu ni ngumu kuibuni mezani. Lugha ya Greedo, mwindaji wa kukodishwa wa filamu ya kwanza, iliegemea Kikechua cha milima ya Andes, na katika Return of the Jedi ya mwaka 1983 Burtt alimtumia mwanafunzi Mkenya, Kipsang Rotich, kumpa sauti Nien Nunb, rubani msaidizi mwenye mashavu manene. Rotich alizungumza Kigikuyu. Chaguo hilo linaweza kulalamikiwa kwa haki, kwa kuwa lugha ya mamilioni ya watu ilipewa kiumbe wa ajabu kwa dhana kwamba hakuna mtazamaji atakayeitambua. Lakini Mkikuyu aliyekaa ukumbini alimwelewa rubani yule bila maandishi ya tafsiri, fursa ambayo Mmarekani hakuipata. Katika The Force Awakens ya mwaka 2015 Rotich alirudi kumsemea Nien Nunb, na katika filamu hiyo hiyo Lupita Nyong'o alimwigiza Maz Kanata, bibi wa miaka zaidi ya elfu anayeendesha kilabu cha wasafiri wa anga.